Kamera ya Fakihi Ilivyohamia Ureno

Fakihi, fundi simu wa Mitole, alikuwa na shida moja: hakuna aliyemwamini. Aliwahi kumshawishi jirani yake Bakary kwamba simu iliyoingia maji hupona ikiimbiwa, na Bakary akaimba, tena mbele za watu. Kwa hiyo alipopandisha juu ya paa kamera ya kupiga picha anga zima, ili majirani wajue kama mvua inanyemelea kabla hawajaanika korosho, watu walitaka kwanza wajue safari hii amewategea wapi.

Asubuhi ya kwanza Bakary alikuja kutazama. Skrini ya kompyuta ilikuwa nyeupe pee, kama imemwagiwa maziwa. Fakihi akaapa kwamba hatanii, kamera ina hitilafu. Bakary akacheka mpaka akashika ukuta, akaenda kuwahadithia wenzake.

Hilo lilimuuma Fakihi. Akapanda ngazi, akafuta kioo. Weupe uleule. Akapanda tena, akabadilisha waya. Jioni mambo yakageuka: nyota zimejaa juu, picha nyeusi tii. Kulipokucha, weupe umerudi, naye yuko juu ya paa, jasho linamtiririka, huku chini mkewe Zuwena akichambua mchicha na kumpa pole. Pole zenyewe zilikuwa na kicheko ndani, ila Fakihi hakuwa na nafasi ya kukisikia.

Aliposhuka hoi, Zuwena akamuuliza kwa upole, "Baba Mwanaima, huko kwenu jua linachomoza saa ngapi?"

"Kwetu wapi?"

Akamwonyesha pembeni mwa skrini, palipoandikwa kwamba leo jua litachomoza saa nne kasorobo asubuhi. Fakihi akafungua sehemu ya kujaza mahali kamera ilipo. Namba ya latitudo alikuwa ameiweka kwenye longitudo, na ya longitudo kwenye latitudo. Kwenye ramani, kamera yake ilikuwa Ureno. Programu ya kamera iliamini bado ni usiku, ikaiacha kamera imekodoa jicho kutafuta nyota, na jua la Mitole likaingia lote. Jioni nako ikadhani bado mchana, ikalibana jicho gizani.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu jana," alisema Zuwena. "Nilitaka nione utapanda mara ngapi."

Fakihi alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akazibadilisha zile namba, na kitambo kidogo anga la bluu likajitokeza, na kunguru mmoja katua ukingoni mwa kioo.

Bakary aliporudi akasimuliwa ukweli wote. Hakuuamini hata kidogo. Basi Fakihi akampa maelezo mengine: kwamba kamera aliituma kule makusudi, ikawakagulie Wareno mawingu yao. Hapo Bakary akavuta kiti. Akauliza kama na wao wana mikorosho.

Fakihi, uso mkavu, akamjibu kwamba hakuweza kuiona. Kulikuwa bado giza.