Bega la Kushoto

Miaka kumi na tisa alishona magauni ya harusi ya wenzake, yeye mwenyewe hajavaa hata shela ya kujaribia. Mtaani walimwita Fundi, basi. Alikaa na dada yake mkubwa, mjane, katika vyumba viwili: cha mbele cherehani, kioo kirefu na meza ya kukatia, cha nyuma vitanda na jiko. Fundi alishona, dada alipiga pasi na kujaza mabega ya nguo. Na domo la dada halikupumzika: "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako! Unawavalisha wenzio tu, wewe utavaa lini? Kaburini?"

Maneno yakamchosha, Fundi akajibu tangazo la gazetini. Mwanamume mpole, mwenye kazi na nyumba, anatafuta mke mtulivu. Barua zikaenda, zikarudi, mwishowe wakaonana. Mtu wa miaka hamsini, nadhifu, kofia haimtoki kichwani. Dada akambatiza Bwana Kofia. Maneno yake asali tupu. Sharti lake lilikuwa moja: "Usiwatangazie watu kwanza. Vijicho ni vingi." Fundi akakubali. Aliyejua ni dada peke yake.

Jumamosi mchana Bwana Kofia akaja na furushi. Jumatatu ilikuwa wasafiri kwenda kwake. Akakunjua gauni jeupe juu ya meza.

"Alilivaa marehemu mama," akasema. "Miaka arobaini liko sandukuni. Lipunguze, likukae wewe."

Akavuta kiti karibu na mlango, akaomba chai. Fundi nusura alie kwa furaha, hata mshono hakuutazama vizuri. Akaligeuza gauni ndani nje, kama fundi yeyote afanyavyo kabla ya kutia mkasi. Bega la kushoto lilikuwa nene kuliko la kulia. Akafumua nyuzi tatu, kitambaa cha kijani kikachungulia.

Lile lilikuwa blanketi la mama yao, yeye na dada! Lilipochakaa, dada alilikata vipande vya kujazia mabega. Na bega moja nene namna hii alishonewa mtu mmoja tu duniani: Mwalimu, mwanamke aliyefundisha shule ya msingi, aliyezaliwa bega la kushoto limeshuka. Mwaka juzi alikuja peke yake, akanong'ona kwamba mchumba amemkataza kusema. Siku ya kuchukua gauni alisita pale mlangoni. "Fundi, moyo wangu mzito. Niende?" Na Fundi, kwa ulimi wa kuazima kwa dada yake, akamjibu, "Chelewa chelewa, mwenzangu." Mwalimu akaenda. Hakuleta hata barua moja, na watu wakasema ndoa imemnogea.

Loo! Mtu huyu aliwakataza wanawake kusema, nao wakanyamaza hata kwake. Ndiyo maana hakujua gauni lilitoka kwa fundi huyuhuyu.

"Mbona unatetemeka?" Bwana Kofia akauliza.

"Bibi harusi gani asiyetetemeka?" Fundi akacheka, kicheko kikavu. "Dada! Njoo unisaidie kujaza bega."

Dada akaingia na domo lake: "Leo ndiyo leo! Hata bega lako nikujazie mimi?" Fundi akamtia kile kipande cha kijani kiganjani, akamkazia macho. Dada akakitazama. Akalitazama gauni. Midomo yake ikaanza kucheza, na Fundi akamwomba Mungu huyu mwanamke anyamaze, leo tu, maishani mara moja.

"Uzi mweupe umeisha," dada akasema polepole. "Ngoja nikanunue."

"Si huo hapo mezani?" Bwana Kofia akasema.

"Huo wa pamba, shemeji. Gauni hili linataka hariri." Akatoka.

Wakabaki wawili, na mlango nyuma ya Bwana Kofia. Fundi akachukua utepe. "Simama basi, nikupime koti la harusi." Akapima mabega, akapima kifua. Pumzi ya yule mtu ilimpiga shingoni, na mikono yake aliiona kwa karibu, misafi, kucha zimekatwa vizuri. Akapima tena, kana kwamba amesahau namba.

"Dada yako ametoka pekupeku," Bwana Kofia akasema ghafla. Akaligeukia gauni, akaliona bega lililofumuliwa.

"Yule? Akifurahi husahau hata kichwa chake. Nyoosha mkono."

Akamtazama Fundi kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha. Alikuwa bado ameunyoosha polisi walipoingia, dada nyuma yao, miguu imejaa vumbi.

Nyumbani kwake sandukuni walikuta magauni mengine matano. Wenyewe, na Mwalimu pamoja nao, walikutwa nyuma ya nyumba, chini ya matuta ya mboga.

Dada hajaitamka tena ile methali. Watu walimsifu Fundi kwa akili zake, naye akainamia cherehani yake. Kisha siku moja mama yake Mwalimu akaja, mzee mfupi, akakaa kwenye kiti kilekile karibu na mlango. Fundi akasubiri alaumiwe, alijua anastahili.

"Nilitaka kukuuliza tu," mama akasema. "Lile bega lake. Alikuwa analionea haya tangu mtoto. Ulipomvalisha, lilikaa sawa?"

"Lilikaa, mama," Fundi akasema, machozi yakimtoka. "Alijitazama kwenye kioo hiki, akacheka."