Mjumbe wa Ndege kutoka Nchelenge

Jairos wa Nchelenge alikuwa mtu wa ndege. Alikuwa na kofia ya ndege, fulana ya ndege, na darubini aliyopewa na mradi wa kulinda ndege alipokuwa mjumbe wa wilaya yake, ambayo aliivaa shingoni hata kanisani. Alikwisha kuzuru hifadhi nne za ndege, zote mbali, zote zenye hoteli ya maji moto. Ndege wa kwao hakumjua hata mmoja kwa jina, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumlipia nauli akawatazame.

Mkewe Emilienne, mzaliwa wa Pweto, ng'ambo ya Ziwa Mweru, upande wa Kongo, ndiye aliyebaki ufukweni akianika chisense, dagaa wa Mweru. Kiswahili cha nyumba kilikuwa chake.

"Baba Luse, unaenda tena?" alimuuliza akimfungia sanduku. "Ndeke beko hapa bengi. Juu ya nini unabafwata mbali?"

"Bale ba hapa ni ndeke tu," Jairos akajibu. "Kule njo kuko hifadhi."

Basi safari ya tano ikamla siku mbili barabarani. Siku ya tatu wajumbe wa wilaya zote walipandishwa mtumbwi, na kiongozi wao, Bibi Matildah, akaweka kidole mdomoni. Mbele yao, kwenye mchanga, walisimama ndege sita, weusi mgongoni, weupe tumboni, mdomo mwekundu, taya la chini refu kuliko la juu. Bibi Matildah alinong'ona kwamba ndege hao wamekuwa adimu mno. Mjumbe mmoja alifuta machozi.

Jairos akashusha darubini. Hao aliwajua! Ndio hao Emilienne aliokuwa akiwafukuza kwa kifagio kila asubuhi wasikanyage chisense zake.

Bibi Matildah akauliza ni nani ambaye kwao ndege hao wapo, maana wakipatikana mahali pengine, mkutano wa mwakani utafanyika huko huko.

Jairos akapiga hesabu haraka. Akisema wapo, mwakani wageni watakuja Nchelenge, yeye atakuwa mwenyeji, na mwenyeji haendi popote. Atalala kitandani kwake na kuoga maji ya ndoo. Akasema kwao hakuna, tena kwa huzuni nzuri hata mjumbe aliyeketi kando yake akampapasa bega. Chabu, mjumbe wa Chienge, mtu asiye hata na kofia, akasema kwao wapo wachache.

Nyumbani Emilienne alipoona picha kwenye simu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Siku mbili mu basi juu ya kuona bale? Si ungeniambia, ningekuachia kifagio!"

Mwezi wa nne barua ya mradi ikaja. Mkutano utafanyika Chienge, na Chabu, ili ajifunze kupokea wageni, amepelekwa Ulaya kuzuru hifadhi tatu. Nchelenge, kwa kuwa haina ndege wa kulinda, haitakuwa tena na mjumbe.

Jairos hakumaliza hata chai. Alikimbia ufukweni, akapiga picha ishirini, akaingia nazo ofisi ya mradi akitweta. Karani mpya, Mulenga, hakuitazama hata moja. Alifungua faili, akapitisha kidole kwenye mistari, akatikisa kichwa kwa upole. Alisema wananchi wengi hudhani wameona, lakini kutokuwepo kwa ndege hao kulikwisha kuthibitishwa na mtaalamu wa hapa hapa, mzoefu wa safari tano, anayeitwa Jairos.