Maji ya Rejeta Niliyoyadai Nyakato

Nakumbuka asubuhi moja niliyotoka gereji ya Nyakato nimebeba kidumu cha sumu, na njia nzima nilikuwa najipongeza. Mwanangu, nimeshinda mabishano mengi ya bei maishani mwangu, lakini lile la siku ile ningekuwa tayari kulipa ili nishindwe.

Nakuandikia kwa sababu jana alasiri nimekuona. Gari lako ulilonunua juzi limeegeshwa kando ya ukuta, boneti iko juu, beseni liko uvunguni, na wewe umesimama unaangalia mtaro. Jicho lile nalifahamu. Ni jicho la mtu anayepima umbali wa mtaro, kisha anapima na macho ya majirani. Nikakohoa makusudi, ukaingia ndani. Sasa kaa usome, maana kikohozi changu hakiwezi kulinda mtaa mzima.

Enzi hizo nilikuwa na pikapu. Napakia dagaa soko la Mwaloni pale Kirumba, nawapeleka minada ya upande wa Geita. Ninyi siku hizi mnavuka ziwa pale Busisi darajani kabla karanga hazijaisha mkononi. Sisi tulipanga foleni ya pantoni, na humo kwenye foleni ndimo nilimojifunza kujadili bei ya kila kitu, pamoja na hizo karanga. Nilijifunza pia kuhesabu mara mbili. Magunia mara mbili, chenji mara mbili, hata waomba lifti niliwahesabu wakipanda na wakishuka, maana mmoja aliwahi kushuka na kuku ambaye hakupanda naye.

Kuna kanuni ya mjini nadhani unaijua. Fundi akikubadilishia kifaa, mdai kile cha zamani. Akikupa, umejua kabadilisha kweli. Asipokupa, umejua mengine. Ni kanuni nzuri, hata leo sikukatazi. Kosa langu ni kwamba sikujua inaishia wapi.

Siku hiyo mpira wa rejeta ulikuwa umeanza kuvuja. Fundi wangu alikuwa Mzee Masanja, mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Alisubiri injini ipoe, akafungua rejeta, akakinga yale maji ya kijani tunayoyaita kulanti, akafunga mpira mpya, akajaza mengine. Nikakagua. Nikakagua tena. Kisha nikasema, "Mzee, naomba na mpira wangu wa zamani."

"Huo hapo."

"Na maji yangu."

"Maji gani?"

"Hayo ya kijani. Si niliyanunua?"

Mafundi wengine wakaacha spana. Mmoja akaniambia, "Bosi, na moshi uliotoka tukufungie?"

Gereji nzima ikacheka isipokuwa Mzee Masanja. Akafuta mikono taratibu. "Mabula, hayo ni sumu. Nina pipa langu pale, lina kifuniko, kuna watu wenye kazi hiyo huja kuyachukua. Niachie."

"Ili uwauzie?"

"Mimi ndiye ninayewalipa."

"Mzee, hakuna mtu anayelipa ili achukuliwe kitu chake. Mimi nimekulia mjini."

Akanitazama, akaona anaongea na ukuta. Akanijazia kidumu. "Haya. Ila kaza kifuniko na usiyaache wazi. Yana utamu hayo, mnyama akionja haachi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunasema. Mimi sikusikia la mkuu, na guu lililovunjika halikuwa langu. Hapo ndipo penye uchungu.

Nilikuwa nimepanga chumba Kirumba, juu kule kwenye mawe, ua mmoja wapangaji wanne. Mpango wangu ulikuwa kuyaacha yale maji yatulie, niyachuje kwa kitambaa, niyahifadhi ya kuongezea. Nikayamimina kwenye karai, nikaliweka kivulini, nikapima kina kwa vidole: vinne. Nikaingia ndani kunywa chai.

Chumba cha pili aliishi Mama Kulwa. Mumewe alikuwa akivua visiwani, haji ila kwa nadra, na yeye alikuwa na mapacha wake, Kulwa na Doto, miaka miwili hivi. Watoto hao walikua kwa maziwa ya mbuzi mmoja. Mbuzi huyo ua mzima tulimwita Shangazi, kwa kuwa aliingia chumba chochote bila hodi na kuonja kila sufuria akitafuta la kulaumu.

Nilipotoka kwenye chai nikapima karai. Vidole vitatu. Nikapima tena. Vitatu. Nikalilaumu jua, ingawa karai lilikuwa kivulini. Kisha nikageuka nikamwona Shangazi amesimama karibu na mlango wangu, ndevu zinadondosha matone ya kijani.

Mwanangu, hapo ndipo nilipopaswa kupiga kelele. Nikayarudisha maji kwenye kidumu, nikakaza kifuniko vizuri kabisa, kama nilivyoelekezwa, baada ya kuwa hakuna tena cha kulinda. Nikanyamaza.

Mchana Shangazi akaanza kuyumba. Watu wakacheka. "Shangazi kapiga gongo leo!" akasema mpangaji mmoja. "Mpelekeni kwa balozi wa nyumba kumi atozwe faini!" Mama Kulwa naye akacheka kidogo. Mbuzi alipoanguka akashindwa kuinuka haraka, kicheko cha mama huyo kikakatika.

Ilipofika saa kumi akatoka na kikombe cha bati kwenda kukamua, kama kila siku, na mapacha nyuma yake wameshika khanga, wameshaanza kulamba midomo. Nami nimekaa kizingitini nikifanya hesabu. Mbuzi ni mmoja. Nikisema, nitamlipa. Nikinyamaza, hakuna aliyeona. Hesabu ikakubali kunyamaza. Lakini unajua tabia yangu, nikarudia. Mara ya pili nikawahesabu na watoto. Wawili.

"Mama Kulwa, usikamue!"

Akasimama. "Kwa nini, kaka Mabula?"

"Kanywa maji ya rejeta. Yangu. Ni sumu, sijui kama inaingia kwenye maziwa. Usiwape."

"Kanywa saa ngapi?"

"Asubuhi."

Alikifudikiza kikombe chini taratibu, mdomo ukiangalia udongo. Hakupiga kelele, na mimi nilitamani apige. Akasema, "Tangu asubuhi nimekusalimia mara tatu, kaka. Zote umeitikia."

Jioni hiyo, nikiwa natoka kumwita bwana mifugo, nilizihesabu salamu zile. Zilikuwa tatu kweli.

Bwana mifugo alimpima mbuzi, akauliza saa aliyokunywa, akatikisa kichwa. Alisema angeitwa asubuhi labda kungekuwa na la kufanya; sasa sumu imeshafika kwenye figo. Maziwa yasiguswe, na akifa, nyama isiliwe. Shangazi alikufa siku ya tatu. Shimo nilichimba mwenyewe. Ukitaka kujua uzito wa kosa lako, mwanangu, lichimbie kaburi kwenye mawe ya Kirumba.

Unadhani nilijifunza? Bado. Kesho yake nilikichukua kidumu, kilichobaki na maji yangu, nikaelekea mtaroni. Sikutaka kukiona tena. Kumbe Mzee Masanja alikuwa amepata habari na amekuja kumpa pole Mama Kulwa. Tukakutana uso kwa uso.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kidumu kinakwenda wapi?"

"Mtaroni. Nataka yaondoke."

"Yaende wapi?"

"Yaende tu, Mzee."

"Si wewe unayehesabu mara mbili? Basi twende nayo mpaka huko yanakokwenda. Beba. Njiani hesabu midomo."

Nikajaribu kumwambia nina mzigo wa kupakia. Akasema, "Leo hakuna kujadiliana," nami nikatii, jambo ambalo halikuwa kawaida yangu.

Tukaufuata mtaro kuteremka. Bata saba wanachakura matope. Nikahesabu. Mwanamke anasuuza mchicha wa kuuza. Watoto wanne wanachezesha boti za makopo, mmoja kidole kiko mdomoni. Mbwa wawili. Kijana anaosha miguu. Tukafika ziwani. Wanawake wanasafisha dagaa, watoto wanaogelea, na hatua chache kutoka mtaro unapoingilia, mama mmoja anajaza ndoo ya kupikia.

"Wangapi?" akauliza.

"Thelathini na nane."

"Tukirudi, hesabu tena."

Kupanda nilipata arobaini na watatu, maana mara ya kwanza sikuwaona vifaranga kwenye nyasi za ukingo. Mkono ulikuwa unaniuma kwa kidumu. Tulipofika kwenye ua ndipo akasema, na maneno yale sijayapunguza hata moja:

"Mabula, ulinidai maji yako nikakupa. Kwa hiyo ni yako. Mtu hadai kitu chake halafu akamwachia jirani akimalize kukinywa."

Tukaenda wote Nyakato, nikamimina kwenye pipa lake mwenyewe kwa mkono wangu. Baadaye siku moja nikawakuta wale watu wa kuchukua pipa. Nikamwona Mzee Masanja akiwalipa. Nikatazama mara mbili. Alikuwa analipa kweli.

Kisha nikaenda mnadani kununua mbuzi wa maziwa. Muuzaji akataja bei yake, nami nikatoa hiyo hiyo. Alizigeuza noti zangu juani moja moja, akidhani ni za bandia, kisha akaniuliza kama naumwa. Nikampelekea Mama Kulwa. Alimpokea, akamkagua meno na kiwele, akampa jina Faini. Kwa miaka yote tuliyoishi ua ule, kila asubuhi nilimsikia akiita, "Faini! Njoo hapa, Faini!" Na kila asubuhi nilikuwa naamka kwa sauti hiyo. Ilinifaa.

Sasa nakueleza, na usinijadilie.

Gari likiwa la moto usiguse kifuniko cha rejeta, maji yatakurukia na kukuunguza kabla hujakwepa. Likipoa, kinga maji yote kwenye chombo kipana, usimame hapo hapo mpaka tone la mwisho. Simu ikiita, iite. Chai ikipoa, ipoe. Mimi niliondoka kwa kikombe kimoja tu cha chai. Kisha mimina kwenye kidumu kinachofungika sawasawa. Usithubutu kutumia chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, hata kama nyumbani kwenu mnahifadhia humo mafuta ya taa na asali. Rangi yake inavutia na mtoto hasomi. Wewe unayesoma andika SUMU kwa herufi kubwa, ukiweke juu, palipofungwa. Usichanganye na oili chafu, maana wachukuaji watayakataa yote.

Yakimwagika, usiyasukume kwa maji. Mwaga mchanga au majivu au vumbi la mbao, yakishanyonywa zoa yote utie kwenye mfuko, ufunge. Nawa mikono kwa sabuni. Usimwage mtaroni, wala kwenye shimo la choo, wala nyuma ya nyumba ukidhani udongo utayasahau. Mji wetu umekaa juu ya mwamba, mwanangu. Cha juu hushuka, na chini kuna ziwa, na ziwa ndilo tunalolinywa.

Kidumu kipeleke gereji yenye pipa la kukusanyia. Uliza kwanza, na uombe kuliona hilo pipa, kwa kuwa fundi asiye nalo atakumwagia mtaroni kwa niaba yako. Ukikosa, muulize bwana afya wa kata. Ukitakiwa kulipa kidogo, lipa. Mimi nakuambia lipa. Ujue basi jambo hili ni zito.

Na Mungu aepushe, akionja mtoto au mnyama, usingoje dalili. Mtoto mkimbize hospitali na hicho kidumu mkononi, waone alichokunywa. Mnyama mwite bwana mifugo saa hiyo hiyo. Na sema. Sema mapema kabla hujapiga hesabu, kwani hesabu ya kwanza siku zote hutetea mfuko wa anayehesabu. Kule kuyaacha wazi lilikuwa jambo la uzembe. Kunyamaza ndiko kulikoua mbuzi.

Mungu akupe gari lisilochemka njiani na mafundi wasiocheka. Akupe majirani wa kukusalimia kila asubuhi, na uweze kuwaitikia ukiwatazama machoni. Mitaro ya nyumba yako ishushe mvua tupu mpaka ziwani. Kesho saa mbili nitapita kwako kukiona kidumu, nikikute kimefungwa, kimeandikwa, kimejaa. Nitakipima. Halafu nitakipima tena.