Kamera Iliyokufa Yaenda Kampala Kupimiwa Kasha

Saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili, sebuleni kwa Falone hakuna pa kukanyaga, na Falone mwenyewe yumo ndani ya chandarua.

Chandarua hicho hakiko kitandani. Kinaning'inia juu ya meza ya kulia chakula, na Falone kaketi humo kama bibi harusi, kichwa kimefungwa kitambaa mara mbili, mikono imesuguliwa kwa sabuni hadi viwiko. Mezani kuna kamera, kasha la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, kichupa cha mafuta na kipande cha karatasi ya chooni.

Nje ya chandarua watu tisa wamebana pumzi.

"Nani iko nakohoa?" anauliza Falone bila kuinua macho.

"Ni miye," anajibu Rachidi, jirani wa mlango wa pili.

"Kohoa ukiangalia mulango, Papa Rachidi."

Rachidi, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, anageuka kwa heshima zote na kuukoholea mlango. Hapo hapo kufuli za kasha zinalia, moja baada ya nyingine. Kamera imefungiwa. Watu tisa wanapumua, na mmoja anapiga makofi.

Falone ana umri wa miaka 36, na kwa miaka kumi na mmoja sasa anapiga picha hapa Rwambuzi, mtaa wa mji wa Bunia, mashariki mwa Kongo. Picha za vyeti, harusi, watoto waliomaliza shule, wazee wanaotaka kuacha sura kabla hawajachakaa zaidi. Mwezi mzuri anapata dola mia mbili. Mwezi wa mvua na matope, nusu yake, na maneno mengi ya wateja.

Lakini picha inayotakiwa kuliko zote ni ya ubatizo, na si ya nje ya maji. Watu wanataka ya chini.

Sababu yake inasimuliwa kwa sauti ya chini, ingawa kila mtu anaijua. Miaka miwili iliyopita, mke wa shemasi mmoja wa kanisa la jirani aliingia kwenye birika la ubatizo akiwa na misuko ya siku moja, misuko ya kukaa kitako saa saba. Wakasema aliteremka hadi masikioni tu. Wengine wakaapa kwamba paji la uso lilibaki kavu kabisa. Tangu siku hiyo hakuna anayetaka kuachiwa swali. Kila anayebatizwa anataka ushahidi kwamba alizama mzima.

"Batu haiko nataka photo ya bamalaika," anasema Falone. "Banataka photo ya nywele iko ndani ya maji."

Mwaka jana alijaribu kuwapa. Akaifunga kamera yake ndani ya mifuko miwili ya plastiki ya kuwekea samaki wa barafu, akakaza kwa vipande vya mpira wa ndani wa pikipiki, akaingia birikani mbele ya kanisa zima. Kamera ilipiga picha mbili. Ya tatu haikutoka. Vilitoka viputo vya hewa.

Yule kijana aliyebatizwa wakati huo, aitwaye David, aliomba arudie. Mchungaji Osée, ambaye hajulikani kwa maneno mengi, alimtazama kwanza, kisha akamtazama Falone akimimina maji kutoka kwenye kamera.

"Mutu anazaliwa mara ya pili," akasema. "Mara ya tatu haiko."

Sentensi hiyo ndiyo inayomkosesha Falone usingizi. Harusi ikiharibika picha, unawaita maharusi kesho yake, wanavaa tena, wanacheka tena. Ubatizo haurudiwi. Na baada ya kamera ya kwanza kufa maji, Falone amebaki na kamera moja tu, ya aina ile ile, iliyotumika, aliyoinunua kwa dola mia nne na hamsini alizokusanya harusi kwa harusi. Ikizama nayo, kazi imekwisha.

Angeweza kuacha. Lakini mteja wa kwanza kuandikisha jina safari hii ni Maman Monique.

Maman Monique, miaka 61, alifika hapa akikimbia vita kutoka Djugu, na wajukuu wawili, sufuria moja na kanga aliyokuwa amevaa. Picha za harusi yake, za marehemu mumewe, za watoto wake wakiwa wadogo, zote zilibaki kwenye nyumba ambayo haipo tena. Sura pekee aliyo nayo iko kwenye kadi ya kupigia kura.

"Na pale nilikuwa nimekasirika," anaeleza. "Jua, mustari murefu, njaa. Mutu akinikuta nimekufa na ile kadi, atasema huyu mama alikuwa mubaya."

Anataka picha ya siku njema. Falone alimwahidi. Alipomwahidi, hakuwa hata anajua kwamba dunia ina makasha ya kuingizia kamera majini.

Alijua kupitia simu, na siku mbili baadaye ua mzima ulikuwa umejua pia, kwa sababu kwa Falone siri haipati pa kukaa. Kila jioni watu walikuja kutoa ushauri, na waliokuja na ushauri walibaki kula.

Machaguo yalikuwa matatu, yote Kampala. La kwanza, mfuko laini wa plastiki nene wenye kioo, dola sabini. La pili, kasha la plastiki ngumu lililotumika, dola mia mbili na sitini. La tatu, kasha la alumini, zito, zuri, linalong'aa, linalofika mita sitini chini ya maji. Dola elfu moja na mia nne.

Dady, mumewe Falone, fundi seremala, aliutaka mfuko kwa ajili ya bei.

"Mufuko?" akasema Falone. "Ya kwanza ilikufa ndani ya nini? Ndani ya kitanda?"

Gentille, jirani anayesuka nywele pale pale uani, alitaka alumini. "Dada, chukua ya kungaa. Batu baone unaingia nayo."

Hapo ndipo Rachidi alipojikohoza. Rachidi ni Mwislamu, hana haja na birika la mchungaji, lakini kwa miaka kumi na minane alizamia dhahabu kwenye mito, bomba la hewa mdomoni, mikono ikipapasa mchanga gizani. Ndiye peke yake uani aliyewahi kuwa chini ya maji zaidi ya dakika moja na kurudi.

"Bassin ya pasteur iko na urefu gani?" akauliza.

"Mètre moja na nusu."

"Na weye unanunua boîte ya mètre sitini. Unataka kubatiza samaki?"

Ua ulicheka hadi kuku wakahama. Alumini ikatoka kwenye orodha, Gentille akanuna kidogo.

Likabaki la plastiki ngumu, na tatizo moja. Kasha la namna hii linatengenezwa kwa kamera ya aina moja tu. Kila kitufe cha kasha lazima kiangukie juu ya kitufe cha kamera. Kikikosea kwa upana wa punje ya mchele, huko chini unabonyeza weee, hakuna kitu. Ilibidi kupima. Na Falone hakuwa tayari kuivusha kamera yake ya pekee mpaka wa Uganda.

Ndipo akakumbuka kwamba kabatini, nyuma ya vikombe vya wageni, kuna Marehemu.

Ndivyo wanavyoiita ile kamera iliyokufa maji. Haiwaki, haipigi, ina ukungu machoni. Lakini umbo lake ni lile lile. Ikavishwa kitambaa, ikakabidhiwa kwa Willy, binamu yake Falone anayefuata vipuri vya pikipiki Kampala kila wiki.

Mpakani, anasimulia Willy, mkaguzi aliikuta ndani ya begi akaishika kwa mikono miwili.

"Hii appareil ni mupya?"

"Hapana, chef. Ni marehemu."

"Namna gani marehemu?"

"Alizama kanisani."

Mkaguzi akabonyeza, akatikisa, akasikia kitu kikilia ndani. Akaifunga tena kitambaa chake vizuri. "Pole sana," akasema, na akampisha Willy kama mtu anayempisha mfiwa.

Dukani Willy alipiga simu ya video. Uani walikusanyika watu kumi na wawili juu ya simu moja kumtazama Marehemu akijaribishwa makasha ya plastiki ngumu kama mtoto anayenunuliwa viatu vya shule. La kwanza lilimbana mabega. La pili lilimmeza, akawa anachezacheza ndani. La tatu lilijifunga taratibu, na Willy alipobonyeza kitufe cha nje, kitufe cha ndani kikashuka.

"Eee!" ua ukapiga kelele.

"Kioo ya mbele?" akauliza Falone, ambaye peke yake hakupiga kelele. "Lenzi yangu ya mufupi inaingia?"

"Ya mufupi inaingia. Ya murefu haiingie."

"Njo hiyo. Chini ya maji unapigia karibu. Lipa."

Kasha lilifika Jumatano. Alhamisi likafanyiwa majaribio, na majaribio hayo ndiyo yaliyozaa chandarua.

Falone hakuweka kamera ndani. Aliweka nusu tofali ili kasha lizame, akalitandikia karatasi ya chooni ili tone lolote lijionyeshe. Akalishusha kwenye pipa la maji ya mvua katikati ya ua, watu wamezunguka, Gentille akiendelea kusuka kichwa cha mteja hatua tatu kutoka pale. Wakahesabu dakika kumi kwa sauti.

Karatasi ilitoka imelowa chapachapa.

Dady akaangalia mawingu. Dola mia mbili na sitini zilikuwa mle, ndani ya boksi linalovuja, na Jumapili ilikuwa siku tatu mbele.

"Banatudanganya!" akalia Willy. "Narudi Kampala leo leo!"

"Ngoja," akasema Rachidi. Akalipokea kasha, akalifungua, akapitisha ukucha taratibu kwenye ule mpira wa duara unaoziba maungio, mpira ambao mafundi wa pikipiki huuita joint. Ukucha ukasimama. Akavuta. Kikatoka kitu chembamba, cheusi, chenye mng'ao wa zambarau.

Unywele wa bandia.

Vichwa vyote vikageukia upande mmoja.

"Musiniangalie vile!" akasema Gentille, fundo la nywele za zambarau mkononi. "Upepo njo ililete!"

"Maji ikipata njia ya unywele moja, inapita yote," akasema Rachidi. "Miye nimeona mutu anakimbia kutoka chini ya maji sababu ya tundu mudogo hivi kwa bomba."

Wakasafisha mpira, wakaupaka mafuta yake, si yale ya kujipaka ngozi ambayo Dady alikuwa ameshayafungua. Wakashusha tena. Dakika kumi. Karatasi ikatoka kavu, na Falone akajipangusia nayo machozi, akauharibu ushahidi.

Kuanzia hapo ikatoka amri. Kasha linafungwa ndani ya chandarua, kichwa kimefunikwa, na Gentille anabaki ng'ambo ya barabara. Asubuhi hii amesimama huko huko, anauliza kwa mikono kama tayari.

Saa nne, birika la saruji nyuma ya kanisa limejaa maji ya chemchemi, safi, baridi. Orodha ina watu thelathini na mmoja. Falone anamwomba Mchungaji Osée amtangulize Maman Monique, kwa sababu baada ya watu kumi maji yatakuwa chai ya maziwa. Vijana wawili wananung'unika kwamba kwenye orodha ya kanisa wao wametangulia.

"Muko na haraka ya kuacha zambi?" anauliza mchungaji. "Mulikuwa wapi jana?"

Maman Monique anateremka ngazi, mavazi meupe yakijaa hewa. Falone anavuta pumzi na kuzama kwenye kona, kasha mbele ya uso. Kule juu wimbo unapanda. Maman Monique anazamishwa, na badala ya kufumba macho, anayafumbua.

Anaibuka akipiga kelele. "Pasteur! Kuko mutu kule chini!"

Kanisa linavunjika kwa kicheko. Falone naye anaibuka, anakohoa, anageuza kasha juani. Karatasi ya chooni, nyeupe, kavu kama biskuti.

Picha ilichapwa Jumatatu. Falone aliipeleka kwa woga. Mashavu yamevimba, macho yametoka, nywele za mvi zimesimama zote kama majani ya mto, na mkono wa mchungaji uko kifuani. Si picha ambayo mtu angeichagua.

Maman Monique aliipeleka mlangoni, kwenye mwanga.

"Ni miye," akasema. "Nashangaa. Angalia namna nashangaa!" Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaomba nakala mbili. "Moja ya ukuta. Moja ya kukaa ndani ya sac pale kwa mulango, ile ya kubeba tukikimbia."

Akaigeuza, akapapasa mgongo wa karatasi kwa kidole.

"Falone, appareil yako uliitafutia boîte mpaka Kampala. Na hii, mvua ikinyesha njiani?"

Siku ya pili Falone akawa na jibu. Anataka mashine ya kufungia picha ndani ya plastiki, ya dola tisini hivi, ili kila aliyefika Bunia bila sura yake akiipata asiipoteze tena kwa mvua wala kwa safari. Harusi mbili za mwezi ujao zinatosha, na ameshaandika tangazo mlangoni.

Willy anaondoka Alhamisi kuulizia bei. Amepita kuuliza kama safari hii pia kuna anayekwenda kupimwa, na Falone amemkabidhi picha moja ya Maman Monique, ajaribu nayo mashine kabla ya kulipa.

Habari hiyo imemfikia Maman Monique mwenyewe jikoni, akichagua maharagwe. Ameinua kichwa.

"Nilitoka Djugu kwa miguu, na leo naenda Kampala? Ambia Willy asinikunje."