Pikapu Kavu ya Moroto na Matundu Niliyoyaziba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mvua ya Kampala haitaki niisahau. Kila matone yanapoanza kugonga mabati hapa Makindye, huacha ninachofanya nikainua kichwa na kusikiliza, na mke wangu, Mama Neema, hunitazama. Yeye anajua ninachosikiliza. Wewe, ninayekuita mwanangu ingawa sikukuzaa, hujui, ndiyo maana nimekuita ukae hapa. Nimesikia unatafuta gari, na kwamba umechoshwa na haya ya mjini yaliyopakwa rangi juu ya kutu, sasa unataka kwenda kaskazini kwenye ukavu ukatafute gari zima. Umefikiri vizuri. Lakini hata mimi nilifikiri vizuri, na nusura nimwangamize mtu.

Mimi ni mtu wa woga, sikufichi. Mama yangu kule Busia alikuwa akisema kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi. Na woga wangu mkubwa kuliko wote, baada ya Mungu, ni kutu. Usicheke. Kaka yangu, aliyenitangulia kuja Uganda, alikuwa akiendesha gari la samaki kutoka ziwani Luzira. Barafu ikiyeyuka inachuruzika chini, samaki wa chumvi nao wanadondosha maji yao, na asubuhi gari linakuwa limesimama kwenye matope ya pwani. Juu lilikuwa jeupe, linang'aa. Siku moja, likiwa limejaa, lilikatika katikati kwenye mteremko kama mkate wa jana. Kaka hakufa, ila nyonga yake haikurudi tena mahali pake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia kuvaa suruali. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Niliijua maana ya maneno hayo nikiwa kijana wa miaka ishirini na miwili.

Kwa hiyo nilipooa, na ilipofika zamu yangu ya kununua gari la kubebea kabichi na ndizi kwenda soko la Kalerwe, sikukubali kutazama gari lolote lililolala kando ya ziwa. Madalali walinizungusha wiki tatu. Kila waliponionyesha gari, mimi nililala chali chini yake na kurudi na vumbi jekundu la kutu usoni. Mmoja akaniuliza kama nanunua gari au nalitibu. Mwishowe dereva mmoja wa lori akanishauri niende Moroto. Kule, alisema, mvua ni mgeni na jua ndilo mwenye nyumba, na chuma hakijui kuoza.

Huko nikampata Mzee Lokiru, mwenyeji wa pale, aliyekuwa dereva jeshini na baadaye kwenye mradi wa kuchimba visima. Mradi ulipofungwa walimwachia pikapu. Ukiiona ungemhurumia. Rangi imepauka mpaka hujui ilikuwa bluu au kijivu, dashibodi imepasuka, viti vimetoa sponji, na mipira inayoshika vioo imekauka na kukunjamana. Lakini tulipolala chini yake, mzee na mimi, bega kwa bega, akagonga fremu kwa spana, nikasikia chuma kikilia kama kengele ya shule. Nikagusa kila mahali. Hakuna ganda, hakuna uvimbe. Karibu nitokwe na machozi mle chini.

"Jua imekula rangi," Mzee Lokiru akasema, "lakini chuma iko mzima. Sasa sikia. Ona hii tundu? Na hii? Na ile ya chini ya mlango?"

Nikayaona, matundu madogo kwenye sakafu na kwenye kingo za chini za milango.

"Hiyo ni ya kutoa maji. Huku sisi hatuna kazi nayo. Kampala maji ni mingi, itaingia tu. Wewe usifunge. Kila wiki piga na waya, uchafu itoke. Na hii mpira ya kioo imekufa, badilisha. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Mwanangu, masikio yangu yalikuwa yamesikia kweli, ila moyo ulikuwa umeshaondoka zamani, uko njiani kuelekea Kampala, unahesabu mawingu.

Maana mvua ilinikuta kabla sijafika Mbale. Ilinyesha namna ile ya kwetu, isiyouliza. Nilisimamisha gari mara tatu, nikashuka kuchungulia chini, kana kwamba kutu ingeweza kuota ndani ya saa moja kama uyoga. Usiku ule sikulala vizuri. Nikajiambia: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni methali nzuri, wazee waliipima. Lakini methali ni kama spana, lazima uchague ya kufaa, na mimi nilichukua ya kufungulia nikaitumia kugongea. Kwa akili yangu ya woga, matundu yale yalikuwa milango ya kuingizia maji. Sikuwaza kwamba maji yangepita juu, kwenye ile mipira ya vioo iliyokufa, kisha yakose pa kutokea.

Nikaipeleka pikapu gereji, nikataka ipakwe lami nzito chini kote. Hilo wengi tulilifanya, na wengi wanalifanya mpaka leo: gari likija mjini linapakwa lami ya moto tumboni, mwenyewe anarudi nyumbani akiwa na amani. Fundi aliyekuwa akipaka alinyanyua brashi akaniuliza kwa heshima, "Ssebo, na hizi tundu?"

"Ziba zote," nikamwambia. Akanitazama kidogo, kisha akaziba. Mwenye gari ni mwenye gari. Mipira ya vioo sikuibadilisha. Nilisema nitaibadilisha mwezi ujao, na unajua mwezi ujao ulivyo.

Mwaka wa kwanza nilitembea kifua mbele. Wenzangu wa Kalerwe walipolia na magari yao yaliyotoboka, mimi nilitoa mahubiri kuhusu Moroto. Mwaka wa pili pikapu ikaanza kunuka. Si sana, harufu ya mbwa aliyelowa. Mke wangu ni wa Bukavu, Kongo, na watu wa kwao hawajui kumeza neno. Akasema, "Papa Neema, gari yako inanuka." Nikasema ni kabichi. Nikaning'iniza kitu cha kunukia kwenye kioo.

Mwaka wa tatu ikaanza sauti. Nikipunguza mwendo, ndani ya mlango wa kushoto kunasikika chwa. Nikiongeza, chwa tena, upande wa nyuma. Kapeti miguuni mwa abiria lilikuwa na unyevu hata siku ya jua kali. Mama Neema akasema, "Mule ndani maji iko nalia." Nikamwambia ni dumu la maji la nyuma. Yeye akageuka akatazama nyuma. Hakukuwa na dumu.

Hapa ndipo nataka unisikilize vizuri kuliko mahali pengine pote. Nilijua. Sikujua kila kitu, lakini nilijua vya kutosha. Mimi niliyelala chini ya magari ya watu wiki tatu mfululizo, sasa nilishindwa kuinua kapeti la gari langu mwenyewe. Niliogopa kwamba nikiinua nitakiona kile kile kilichomvunja kaka yangu. Nikawa naongeza sauti ya redio. Kila asubuhi mkono unakwenda mpaka kwenye ukingo wa kapeti, kisha unarudi. Naingia, nawasha, naondoka. Nilikuwa naogopa mchana kutwa, mwanangu, na woga wote ule haukunifanyia kazi hata moja.

Mimba ya mtoto wetu wa pili ilipofika mwezi wa nane, nilikuwa nampeleka mke wangu kliniki kupimwa. Ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kukatika, barabara ya kushuka kilima inateleza. Yeye amekaa kushoto kwangu, mikono juu ya tumbo, amevaa ndara. Nikalikaribia tuta, nikakanyaga breki. Yeye, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akakaza miguu sakafuni ili asiende mbele.

Sakafu ikafunguka.

Sikusikia mlio wa chuma. Nilisikia mlio wake yeye. Mguu wa kushoto ulizama mpaka katikati ya muundi, na chini ya mguu ule ilikuwa barabara, inakimbia. Nikataka kusimama ghafla, nikaona nikisimama ghafla atasukumwa mbele na kile chuma kitaukata mguu. Nikataka kuacha gari liende, nikaona unyayo wake utagusa barabara. Mkono wa kulia nimeshika usukani, wa kushoto nimemshika goti, navuta juu kwa nguvu zangu zote, na breki naibonyeza kidogo, kidogo, kidogo. Sijui ilikuwa hatua ngapi. Najua nilikuwa nasema, "Yesu, Yesu, Yesu," na yeye macho yamemtoka, amekumbatia tumbo.

Gari liliposimama watu wakaja. Mchomeleaji wa karibu na pale alileta mkasi wa bati ili aukate ule ukingo uliomshika, akaugusa, akauweka mkasi chini. Aliukunja kwa vidole. Ulikuwa laini kama chapati iliyolowa mchuzi. Juu kapeti, chini lami nzuri nyeusi, na katikati hakuna chuma, ni kutu tu, imemomonyoka kama majani ya chai. Na maji, mwanangu! Yalimwagika pale barabarani kama ndoo iliyopigwa teke. Mwendesha boda mmoja akatufikia kutoka nyuma ameshika ndara moja iliyochanika. "Bambi nnyabo," akampa pole, "kiatu yako hii." Akaiweka chini kwa adabu, kando ya damu.

Tulipokuwa tunamwingiza kwenye gari la msamaria, mke wangu akanishika shati.

"Papa Neema. Ulikuwa unajua?"

Nikaitazama ile ndara iliyochanika. Akaliacha shati.

Kliniki walimshona mguu, lakini kwanza mkunga aliweka kile kipaza chake juu ya tumbo kusikiliza moyo wa mtoto. Alisikiliza upande mmoja. Akasogeza. Akasogeza tena. Nimesubiri mambo mengi katika maisha yangu, mipakani na hospitalini, lakini sijasubiri kama pale. Nilikuwa nimeegemea ukuta. Halafu mkunga akatikisa kichwa taratibu kufuata mapigo, akasema, "Iko. Inapiga vizuri."

Mtoto alizaliwa salama, umemwona, ni yule anayetushinda kwa kelele. Mguu ulipona kwa nje. Lakini mshipa fulani ulikatika, na mpaka leo vidole viwili vya mguu wa kushoto wa Mama Neema havihisi kitu. Akikanyaga kaa la moto atajulishwa na harufu. Wala hapandi gari lolote, la askofu au la harusi, kabla hajainama na kuinua kapeti kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikisema gari ni zima, anainua mara mbili.

Nilimpigia simu Mzee Lokiru. Nadhani nilitaka anilaumu nimalize. Nikamweleza yote. Upepo wa kwao ulivuma kwenye simu, kisha akauliza, "Ulifunga tundu?"

"Niliyafunga, mzee."

"Mama iko namna gani?"

"Anatembea."

"Shukuru Mungu." Akavuta pumzi. "Kuogopa si mbaya. Mimi jeshini nimeogopa sana, ndiyo maana niko hai. Lakini mtu mwoga anainama anaangalia. Wewe umeogopa, halafu umefunika. Hiyo si woga tena, hiyo ni uongo. Na uongo umempakia mke wako juu yake."

Simu ilikatika, au aliikata, sijui. Sikupiga tena.

Basi, mwanangu, nenda kaskazini. Tafuta gari lililozeekea juani, usiogope rangi iliyopauka wala kiti kilichochanika. Nyumba njema si mlango. Lala chini uligonge, usikilize. Ukilipata zima, ujue kwamba uzima ule ulikuwa wa nchi kavu, na wewe unalileta kwenye nchi ya mvua, kwa hiyo ulezi ni wako. Badilisha mipira ya vioo kabla hujanunua hata redio. Yaache matundu yapumue, uyasafishe kwa waya. Usipake lami ili upate usingizi. Na siku utakayosikia chwa, siku hiyo hiyo, hata kama umevaa suti ya kwenda kuoa, simama uinue kapeti. Ukikuta kutu, mwambie unayempakia kabla hajapanda. Atakasirika. Mwache akasirike akiwa amesimama chini.

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimeichukia methali hiyo miaka mingi, kwa sababu haikumaliza maneno. Mimi ndiye sikusikia, na miguu yangu yote miwili hii hapa, mizima. Aliyelipa ni aliyekuwa amekaa kando yangu, aliyeuliza, aliyesema gari inanuka.

Mungu akutangulie njia ya Moroto na akurudishe. Akupe chuma kizima, na macho ya kukitazama kikianza kuchoka. Mvua ya Kampala ikupitie, isikae kwako. Na yeyote atakayeketi kushoto kwako, mwanangu, ashuke akihisi vidole vyake vyote kumi.