Mshona mipira wa Malvern na vifuko tisa vya udongo

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Mtaa wa Jules bado unapiga miayo. Lambert Kasereka ameshafungua mlango wa chuma wa duka lake la ushonaji hapa Malvern, amevuta kigoda hadi dirishani na kuubana mpira kati ya magoti kama mtu anayemnyoa mtoto mtukutu. Kila mkono una sindano yake. Uzi ni mwekundu, umepakwa nta.

Mpira wa besiboli una mishono mia na minane, lakini Lambert haihesabu tena. Mipira ambayo klabu za wenye nazo huitupa ngozi ikifumuka, yeye huishona upya, nayo ikarudi uwanjani kwa msimu mwingine.

"Suti ndiyo inanilisha," anasema bila kuinua macho. "Huu mpira ndio unanifanya niamke."

Mwezi ukiwa mzuri, suti na zipu humletea randi elfu nne na mia tano, na zaidi ya nusu humezwa na kodi ya pango. Mipira ya watoto hatozi hata senti. Mkewe, Léocadie, alishalalamika mpaka akachoka, na siku hizi ndiye anayepaka uzi nta.

Lambert ana miaka arobaini na sita. Alitoka Butembo, mashariki mwa Kongo, mwaka 2006, na kwa miaka saba alitunza bustani ya mhandisi mmoja Mjapani aliyeitwa Ishimori. Kila Agosti, mzee yule aliacha kila kitu asubuhi akakaa mbele ya televisheni kutazama watoto wa sekondari wa kwao wakicheza besiboli. Lambert alikuwa akichungulia dirishani huku mpira wa maji unamwagia viatu, hadi siku moja akaitwa ndani.

Kilichomnasa hakikuwa mchezo wenyewe bali njia ya kuufikia. Mzee Ishimori alimchorea kwenye karatasi. Shule karibu elfu nne huanza, kila moja katika mkoa wake, na ukifungwa mara moja tu, unafungasha. Anayebaki ndiye anayelibeba jina la mkoa hadi uwanja wa Koshien. Mikoa ni arobaini na saba, lakini Tokyo na Hokkaido hutoa timu mbili mbili, kwa hiyo kwa kawaida hufika arobaini na tisa.

Yapo pia mashindano ya majira ya machipuko, ambayo timu haziendi kwa mtoano. Kamati hukaa na kualika. Wengi ni waliofanya vizuri msimu uliotangulia, lakini nafasi chache huwekewa shule zilizopita kwenye shida na hazikukata tamaa.

"Hapo ndipo nilipoelewa," anakumbuka Lambert. "Nikasema, kumbe kuna mahali mtu anaitwa mezani kwa sababu alihangaika."

Mwaka 2015 mhandisi alirudi kwao, akamwachia glavu kumi na moja na gunia la mipira iliyofumuka. Aprili ya mwaka huohuo maduka ya wageni yalivamiwa jijini, na Lambert akafunga lake, alilolifungua alipoacha bustani, kwa wiki mbili. Binti yake Shekinah, aliyekuwa na miaka tisa, alimuuliza kwa Kiingereza kama sasa wanarudishwa Kongo, nchi ambayo hajawahi kuiona. Swali lile lilimuuma baba yake kuliko hasara ya duka.

"Nikataka acheze na watoto ambao wakikua hawatamwita kwerekwere," anasema, akitaja tusi linalotupiwa wageni hapa.

Ndivyo, mwaka 2016, alipoanzisha mashindano yake ya watoto, mitaa ya Malvern, Alexandra na Diepsloot ilivyogeuka mikoa. Kila mtaa huchuja timu zake kwa mtoano na kutoa moja. Wajukuu wa wenyeji waliotoka Limpopo hucheza bega kwa bega na watoto wa Bukavu na Tanga. Timu ya nne huchaguliwa miongoni mwa walioshindwa, nayo hupewa kile Lambert anachokiita kiti cha waliohangaika.

Sharti ni moja tu, na ni gumu. Klabu inayowaazima uwanja wenye nyasi kwa siku moja kila Oktoba inataka timu nne kamili. Zikiwa tatu, lango halifunguliwi.

Mwaka jana, 2018, lango lile lilikaribia kufungwa, na aliyelisukuma ni Lambert mwenyewe kwa nia njema.

Alikuwa amewaonyesha watoto kwenye simu desturi moja ya Koshien. Timu ikishatolewa, wachezaji hupiga magoti na kuchota udongo wa uwanja, wakaenda nao nyumbani kwa kumbukumbu. Watoto walipenda. Basi akakata mabaki ya bitana za suti, akashona vifuko tisa na kuvipeleka Diepsloot siku ya fainali ya mtaa.

Timu ya Bushra Nassir, mrushaji wa miaka kumi na mitatu ambaye wazazi wake ni wa Tanga, ilishinda. Walioshindwa wakapiga magoti. Udongo mzuri ulikuwa pale kwenye kituta cha mrushaji, mahali Bushra aliposimama asubuhi nzima. Wakachota hapohapo, wakafunga.

Bitana za suti ni nyeusi. Uzi aliokuwa nao Lambert ni mwekundu.

Nani katika Afrika Mashariki na Kongo yote asiyejua maana ya udongo wa unyayo wa mtu uliofungwa kwenye kitambaa cheusi kwa uzi mwekundu? Mama yake Bushra, Mwanaharusi, aliyekuwa pembeni akiuza vitumbua, alijua. Alimshika binti yake mkono wakaondoka. Kufika Jumatatu, wazazi wengine watano walikuwa wamewatoa watoto wao, na Diepsloot haikuwa na timu.

"Eish. Na mimi ni mtu wa Butembo!" Lambert anashika kichwa. "Nilitazama Japani sana mpaka nikasahau nyumbani."

Alikwenda Diepsloot siku ya pili yake, akapiga hodi kwenye kijiduka cha Mwanaharusi, spaza kama wanavyoziita hapa. Alikaribishwa kiti na chai, maana adabu ni adabu, kisha akaulizwa.

"Baba Shekinah, wewe ni mtu mzima," alisema Mwanaharusi. "Mwanangu kakanyaga, watu wamechota, wamefunga. Angekuwa Shekinah, ungepata usingizi?"

Lambert alijaribu kueleza habari za Wajapani. Mwanaharusi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema Wajapani wana yao na Tanga ina yake. Alitaka jambo moja: kila aliyechota aje aurudishe udongo palepale, mchana kweupe, naye akiona.

Jumamosi iliyofuata walikuja. Vifuko vinane vilifunguliwa kimoja kimoja na kumwagwa kitutani. Cha tisa hakikuwepo. Mwenye nacho, msichana mdogo aitwaye Tumu, alikuja amekumbatia kopo la mayonezi, macho chini. Udongo wake alikuwa ameutia humo na kupanda kitunguu cha majani. Kwao, alisema, hakuna pa kupandia, kibanda kimegusana na kibanda.

Mwanaharusi alilipokea kopo, akalizungusha, akakata jani moja na kulitafuna.

"Anayeroga hapandi mboga," alisema. Akamrudishia Tumu kopo lake, na Bushra na wale wengine watano wakarudi kwenye timu.

Kiti cha waliohangaika mwaka ule kilikwenda kwa timu ya Tumu, wala hakuna aliyepinga. Lango la Oktoba likafunguliwa.

Bushra na wenzake walifika fainali wakafungwa na Alexandra, saba kwa nne. Mtoto alilia kwa kwikwi. Kabla Lambert hajamfikia, Mwanaharusi aliingia uwanjani na ndala zake, akaenda hadi kwenye kituta, akachota udongo kwa mkono wake na kuufunga kwenye pembe ya khanga yake. Lambert anakiri kwamba aligeuka pembeni, machozi yake yasionekane.

Tangu hapo vifuko vinashonwa kwa vipande vya khanga ambavyo Mwanaharusi hutuma kutoka Diepsloot. Mwaka huu Lambert anapanga kuongeza mitaa miwili, ili timu ziwe sita.

Leo ni mchujo wa Malvern, na Shekinah, sasa miaka kumi na mitatu, anacheza. Akifungwa, njia iliyobaki ni kile kiti. Namuuliza Lambert kama, kwa kuwa ni baba, atamkumbuka mwanawe.

"Kile kiti sichagui tena mimi," anajibu, akicheka kidogo. "Anachagua Mama Bushra. Na yule hanunuliki kwa suti."

Anakata uzi kwa meno, anautupa mpira ndani ya gunia na kusimama. Juu ya cherehani kuna kifuko kimoja cha khanga ya manjano. Anakitazama, anakikunja, anakitia mfukoni mwa shati.

"Cha Shekinah," anasema. "Naomba Mungu nikirudishe hapa jioni kikiwa kitupu."