Jina la Nyanya

Leo jirani anachemsha kanji, uji wa kukazia kofia, na harufu yake imenirudisha chini ya ngazi ya nyumba yetu ya Langoni, nilikojificha siku moja nikiwa mtoto wa shule.

Asubuhi ile mwalimu aliandika ubaoni neno la Kiingereza, famous. Alisema ni mtu anayejulikana kila mahali, akataka tulitungie sentensi. Nikasema nyanya yangu ni famous kwa kushona kofia. Mkaguzi wa Kizungu aliyekaa nyuma ya darasa akaniuliza anaitwa nani, nami nikamtajia.

Alasiri nikasikia hodi. Mzungu yule alikuwa barazani na mwalimu, analitamka jina la nyanya kwa sauti, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wanasikia. Babu mwenyewe hakuwahi kulitaja mlangoni, kwani kwetu jina la mwanamke halikutajwa mbele ya wanaume wa nje.

Nyanya aliacha sufuria motoni, akanifuata chini ya ngazi. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Ni nani aliyelitoa jina langu ndiani?" alininong'oneza.

Nikasema sijui. Tulikaa tumeshikana, kanji ikaungua, na hakuna aliyethubutu kwenda kuiepua.

Kofia yake moja ninayo. Wageni wakiniuliza nani aliishona, huwaambia ni nyanya yangu. Wakiuliza jina, huirudisha kofia kabatini.